Mama Tabibu na Hofu Zetu

Nikianza kumzungumzia Mama Tabibu, sauti yangu hupanda yenyewe. Mume wangu husema, "Haya, ameshaanza huyu," kisha anasogeza kiti karibu asije akapitwa na neno. Nitajaribu kuandika kwa utulivu, lakini sidhani kama nitaweza.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika kituo cha afya kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Lituhi. Yeye alikuwa tabibu na mkuu wa kituo, mimi muuguzi. Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Wavuvi, wanafunzi, padri, wenye maduka, wote walimwita Mama Tabibu. Alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa kutembea kuliko sisi vijana, na sauti yake ilikuwa ya watu wa milimani Umatengo, wanaoitana kutoka shamba la upande huu hadi la upande wa pili wa bonde. Akicheka ndani ya chumba cha daktari, wagonjwa wa nje nao walicheka bila kujua wanacheka nini.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimsikia akiuliza swali ambalo chuoni sikufundishwa. Alikuja mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kichwa kinamuuma. Mama Tabibu akamuuliza kilianza lini, kinauma wapi, analala vipi. Akampima joto, presha, malaria. Kisha akaweka kalamu mezani.

"Sasa niambie, dada yangu. Unaogopa kwamba ni nini?"

"Mdogo wangu alianza hivihivi, kwa kichwa," akasema. "Hakufika Jumapili."

"Shingo yake ilikuwaje?"

"Ilikaza. Hata kunywa uji alishindwa."

"Inamisha ya kwako. Kidevu kiguse kifua. Haya, tena. Umeona inavyoinama? Mdogo wako alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, pole sana. Huu si ule."

Jamani, nilishuhudia uso wa mtu ukifunguka! Alikuwa ameingia amejikunja kama mwenye baridi, na sasa ameinamisha shingo mara tatu, mara nne, anaijaribu kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akapewa dawa ya maumivu, ileile tunayompa kila mtu, akaambiwa arudi kisipotulia. Kikatulia. Nilipomuuliza Mama Tabibu ni dawa au ni maneno, alinitazama kana kwamba nimeuliza ni mguu upi unaotembea.

"Mtu haji hapa na ugonjwa peke yake," akasema. "Anakuja na hadithi ya ugonjwa wake. Usipoisikiliza, vidonge vyako atavitupa njiani."

Kulikuwa na neno moja alilolichukia kuliko matusi, nalo ni "tu". Ole wako akusikie ukimwambia mgonjwa, "Hayo ni mawazo tu." Angekuita pembeni, na pembeni kwake ni mahali ambapo kituo kizima kinasikia. "Mawazo tu ndiyo nini? Wewe ukiitwa na mwajiri, tumbo halikusokoti? Halikusokoti kweli? Basi hilo 'tu' lako lirudishe mfukoni!"

Nililielewa vizuri alipoletwa Gaudensi. Huyu alikuwa mvuvi, kijana mwenye nguvu, anayejulikana kwa kuvuta wavu peke yake. Mtumbwi wao ulipinduka yeye na mdogo wake wakiwa humo. Gaudensi akaokolewa, mdogo wake akazama. Baada ya mazishi, asubuhi moja aliamka, miguu ikakataa. Akapandishwa hospitali ya Mbinga, akapigwa picha, akapimwa damu, mgongo mzima, mifupa mizima. Akarudishwa nyumbani. Kijiji kikagawanyika: wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema anajifanya ili asirudi ziwani. Mama yake akachoka kusikia yote mawili, akawaomba majirani wamlete kwetu, wamebeba godoro kwa ncha zake nne.

Gaudensi hakusubiri kuulizwa. "Na wewe sema, Mama Tabibu. Sema najifanya."

"Hujifanyi," akamjibu. "Miguu yako haitembei, naiona mwenyewe. Ngoja niizungumzishe."

Akagonga magoti kwa nyundo yake ndogo, na miguu ikaruka. Akachora nyayo, vidole vikajikunja. Mguu wa kulia Gaudensi aliweza kuunyanyua kidogo kwa shida. Wa kushoto ulikuwa gogo. Hapo ndipo Mama Tabibu alipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia mwili unanisisimka. Alimchukua mama yake Gaudensi mkono, akauweka chini ya kisigino cha ule mguu wa kushoto.

"Sasa, baba, sahau huu wa kushoto. Nyanyua wa kulia, kwa nguvu zako zote."

Gaudensi akakaza meno, akanyanyua wa kulia. Mama yake akapiga yowe. "Unanikandamiza! Huu mguu unanikandamiza mkono!"

Bila yeye kujua, mguu uliokufa ulikuwa unasukuma chini. Nikaweka na mimi mkono wangu. Kweli! Wabeba godoro wote wakataka kuweka mikono yao. Gaudensi mwenyewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Mama Tabibu akamweleza taratibu, kama fundi anayemweleza mtu baiskeli yake. Alimwambia kwamba nyuzi zote zipo na nguvu ipo, ila kilichompata kilikuwa kikubwa mno na mwili umeshika breki bila kumwomba ruhusa. Akamwambia kwamba hilo huwapata watu, ameliona kabla yake, na wengi hurudi wakatembea. Hakumwahidi siku. Tulianza kumfanyisha mazoezi barazani kila asubuhi, nikimshika huku, shemeji yake akimshika kule, na Mama Tabibu anatembea kinyumenyume mbele yake akimwuliza habari za mdogo wake. Alikuwa mcheshi? Alipenda kula nini? Aliimba sauti gani kwaya? Mwanzo Gaudensi alijibu kwa neno moja. Baadaye alikuwa anasimulia, na akisimulia anasahau kuitazama miguu, na asipoitazama inakwenda. Siku aliyotoka barazani mwenyewe hadi bombani, akafungua maji, akanawa uso, akarudi, wanawake wa kliniki ya watoto walipiga vigelegele mpaka watoto wakaogopa, wakalia wote kwa mkupuo.

Ziwani hakurudi tena. Siku hizi analima mihogo Kihagara. Mama Tabibu alipoulizwa kama hilo halimsikitishi, alisema yeye alitibu miguu. Pa kuipeleka ni shauri la mwenyewe.

Msidhani kwamba hakukosea. Alikosea, na vibaya. Alikuja mwalimu mmoja mjane, kifua kimembana, pumzi fupi. Alikuwa amemzika mumewe siku si nyingi. Mama Tabibu akamsikiliza muda mrefu, wakalia pamoja, akamshauri, akamruhusu kwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi alifika kazini kabla ya mfagizi. Nilimkuta amesimama uwani na mkoba wa vipimo begani.

"Mapafu yake sikuyasikiliza sawasawa," akaniambia. "Nilisikia neno 'msiba' nikaziba masikio. Niitie pikipiki!"

Tukamkuta mwalimu kitandani, anahema kama aliyekimbia, mwili wa moto. Nimonia. Tukamtia oksijeni kituoni, tukampandisha Mbinga siku hiyohiyo, na kwa neema ya Mungu akapona. Mama Tabibu aliporudi alituita wote, hadi mlinzi na mfagizi, akatueleza alichokifanya bila kukipaka sukari. "Huzuni ilikuwepo kweli," akasema. "Na nimonia ilikuwepo kweli. Vyote viwili vinaweza kukaa katika kifua kimoja. Kuanzia leo, mwili unapimwa mpaka mwisho, hata kama mtu analia." Kisha akaenda kumwomba mwalimu msamaha, na kutoka hapo wakawa marafiki wa kugombania mpira. Mmoja alikuwa shabiki wa timu ya Jangwani, mwingine wa ile ya Msimbazi, na siku ya mechi hawakusalimiana.

Alikuwa na mambo yake. Alihubiri mapumziko, na yeye hakupumzika. Aliwaomba wagonjwa waseme kila kinachowasumbua, na yeye akiwa na jino hasemi hadi shavu livimbe. Akimwona nesi anamfuata na mashine ya presha, atakumbuka ghafla kwamba dawa stoo hazijahesabiwa. Katika karata aliiba waziwazi, ukimshika anakukumbusha kwamba yeye ni mkuu wako wa kazi. Lakini mgonjwa hakumdanganya hata kwa jambo dogo. Watu wa huku tunapenda sindano. Bila sindano mtu anaona hajatibiwa. Alikuwepo mzee mmoja mwenye duka la kanga sokoni, watu wake wa asili ya pwani, mpole sana. Kila akija kituoni presha inapanda hadi inatutia hofu sisi wenyewe.

"Nichome sindano, Mama Tabibu, nirudi dukani," mzee akamwomba. "Hata kama ni ya maji. Moyo wangu utatulia."

"Shikamoo, baba, na samahani. Nikikudanganya leo ukapona, siku nikikwambia ukweli hutanisadiki. Nitakuja kwako."

Kweli akaenda, bila koti jeupe, akaketi katikati ya marobota ya kanga, akanywa kahawa chungu, akauliza bei ya kila doti. Kahawa ilipokwisha ndipo akatoa mashine. Presha ilikuwa juu kidogo, si ile ya kutisha. Akarudi tena siku nyingine, na nyingine, ikawa vilevile. Mzee akainua mikono. "Alhamdulillahi! Kumbe maradhi yangu ni wewe!"

Mama Tabibu alicheka hadi akashikilia kaunta. Dozi ya mzee ya vidonge vya presha ikapunguzwa, na kuanzia hapo presha yake ilipimwa dukani.

Kitu alichokiogopa yeye mwenyewe ni ziwa. Fikiria! Mtu amefanya kazi miaka yote hiyo anasikia mawimbi kutoka mezani kwake, na hajawahi kukanyaga mtumbwi. Akienda vijiji vya jirani alipanda pikipiki, na barabara ikiharibika alitembea. Sisi tulimtania, naye alikubali kutaniwa. "Mimi ni mtu wa milima," alisema. "Ardhi isiyotulia siiamini."

Halafu ikaja ile masika mbaya, daraja likakatika, na simu ikapigwa kutoka zahanati ya Mbaha. Nesi wa kule alikuwa peke yake na binti mwenye mimba ya kwanza. Uchungu ulianza vizuri, sasa umepoa, na nje wamejaa shangazi wanaomtaka binti ataje jina la mwanamume mwingine. Wapo wanaoamini hivyo bado, kwamba uzazi ukikwama mwanamke ana siri, na asipoitoa mtoto hatoki. Nesi alisema binti anatetemeka, hataki hata kunywa maji.

Mama Tabibu alisimama ufukweni mbele ya boti ya injini akaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Akanyoosha mikono mbele yetu sote. "Naogopa. Oneni vidole vinavyocheza. Haya, twende."

Akapanda! Nilikaa naye. Alinishika mkono nikadhani utang'oka, akamwita Bikira Maria kwa Kimatengo kwa sauti iliyoshinda injini, akatapika upande wa kushoto, akatapika upande wa kulia, na kila wimbi lilipotuinua aliniuliza kama tumefika. Nahodha, mtu mzima anayemjua tangu zamani, alijizuia kucheka mpaka akashindwa.

Tulipofika hakwenda kwa shangazi kwanza. Alinawa, akampima binti mwanzo hadi mwisho bila haraka. Mtoto amekaa vizuri, mapigo ya moyo mazuri, njia iko wazi. Alipohakikisha hakuna kilichokwama ndipo akatoka nje, bado rangi imempotea kwa kutapika.

"Shikamooni, mama zangu. Naomba niulize. Nani kati yenu alizaa huku akihojiwa?"

Mmoja wao akajifunga kanga upya.

"Hata mmoja?"

"Sisi tunamsaidia," mmoja akasema, sauti imepungua.

"Najua mnampenda, msingekesha hapa. Basi aingie mmoja. Yule atakayemshika mkono bila kumwuliza neno."

Wakatazamana. Bibi wa binti, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote hajasema lolote, akainuka akaingia. Mama Tabibu akaketi upande wa pili wa kitanda, akamwonyesha binti mikono yake.

"Ona, mwanangu, bado inatetemeka. Nimetoka kutapika ziwa zima kwa woga. Samaki wote wa Mbaha leo wanajua nilichokula jana."

Binti alimtazama haamini. Kisha akacheka, kicheko kidogo, na bibi yake akacheka, na yule nesi aliyekuwa peke yake tangu asubuhi akacheka mpaka machozi. Binti akaomba maji. Akanywa, akaomba tena. Akalala ubavu, bibi akimsugua mgongo na kuimba kwa sauti ya chini. Uchungu ulirudi kabla jua halijaanza kushuka, na wenyewe ulirudi kwa nguvu! Mtoto wa kike, analia kwa hasira. Shangazi yule aliyesema wanamsaidia ndiye aliyempokea wa kwanza na kanga mpya, akambusu paji la uso.

Mimi nilirudi na boti, lakini Mama Tabibu alikaa Mbaha hadi daraja liliporekebishwa. Tulimpelekea boti, akaituma irudi na salamu.

Kisha akastaafu, akarudi Mbinga kwenye shamba lake la kahawa na baridi yake. Tulizungumza kwa simu sikukuu kwa sikukuu. Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu haikuwa nyumbani kwake. Nilikuwa nimempeleka mgonjwa wa rufaa Songea, nimeshamkabidhi, natafuta mlango wa kutokea, nikasikia kikohozi ninachokijua. Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwisho cha wodi ya wanawake, amejifunga kanga, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kifua kimefungwa bandeji upande mmoja.

"Mama! Shikamoo! Uko na nani hapa?"

"Marahaba. Niko na mimi."

Alikuwa ameona uvimbe kwenye titi, akaukalia kimya miezi, yeye! Mwishowe akajipeleka mwenyewe, ukakatwa, ukapelekwa kupimwa, na sasa anasubiri jibu. Watoto wake amewaambia yuko kwenye kipaimara cha mjukuu wa rafiki yake.

"Kipaimara gani cha wiki nzima, Mama?"

"Nimewaambia kuna ngoma." Akajaribu kutabasamu. "Mwanangu, nimewaona wagonjwa wangapi? Sikujua kwamba unaposubiri jibu, hata harufu ya chai inakuudhi. Hilo sikuwahi kumwuliza mtu."

Nikampigia mume wangu kumwambia silali nyumbani. Tulikaa. Nilimsuka nywele. Alinisimulia habari za kahawa, halafu katikati ya sentensi ananishika mkono, kisha anaendelea.

Siku ya pili daktari akaja, kijana, karatasi mkononi, akasimama miguuni pa kitanda, mlango nyuma yake uko wazi.

"Mama, majibu yako yametoka, na..."

"Kaa kwanza, baba," Mama Tabibu akamwambia. "Vuta hicho kiti. Ukisimama hivyo nitasikia neno moja, mengine yote yatapita."

Nilidhani yule daktari atakasirika. Hakukasirika. Alifunga mlango, akavuta kiti hadi karibu, akaweka karatasi magotini, akamtazama usoni. Akamwambia ni saratani. Akamwacha avute pumzi. Kisha akamwambia imewahiwa, ni changa, haijasambaa, imekatwa yote. Kuna dawa za kuendelea nazo na safari za kwenda na kurudi, na ana matumaini makubwa.

"Rudia," akasema Mama Tabibu.

Akarudia, polepole zaidi.

"Changa."

"Changa, mama."

"Haijasambaa."

"Haijasambaa."

Nilikuwa nataka kupiga vigelegele humo wodini, nikajishika mdomo. Mama Tabibu alimshika yule kijana mikono yote miwili. "Umeongea vizuri sana, daktari. Nimesikia yote." Na daktari, nakwambia, aliondoka akitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Alipotoka, Mama Tabibu akaniomba simu. Akampigia binti yake mkubwa, Mbinga.

"Hakuna kipaimara," akaanza hivyohivyo. "Niko hospitali Songea. Nimepasuliwa, ni saratani, ni changa, wameitoa, nitaishi. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa."

Nikasikia kilio kikilipuka upande wa pili, cha juu, kama cha mtoto mdogo. Nikanyoosha mkono niipokee simu nimsaidie. Mama Tabibu akatikisa kichwa. Akajiegemeza kwenye mto, simu sikioni.

"Lia, mama. Lia, sikati," akasema. "Nitakusubiri mpaka umalize."

Akasubiri.